Kubadilisha boti ya matembezi nichukue faiba ya uvuvi: nikague nini kabla sijaongeza pesa?

Pweza wa Msasani

Habari za jioni wakuu.

Nina boti ya matembezi ya futi 19, ile yenye viti mpaka omo (mbele). Injini iko ndani, petroli, V6 ya lita 4.3, na mguu wake umetokea nyuma kwenye tezi. Inakaa kwenye trela na kushushwa Msasani. Kwa safari ya Bongoyo au Mbudya na familia inatosha kabisa. Sasa nataka chombo cha kuvulia hasa: kurambaza (kuvuta chambo nyuma ya boti inayokwenda) nguru, jodari na felusi, kushusha mshipi wa chini kwa changu na chewa, na bahari ikikubali kufika Fungu Kizimkazi (ramani zinaandika Latham) na kurudi siku ileile. Tutakuwa watu wanne.

Kuna mtu ana faiba (boti ya fibaglasi) ya futi 23, sitaha wazi, usukani katikati, mashine moja ya kupachika nyuma, Yamaha F115. Anataka tubadilishane, nami nimwongezee pesa. Naomba mnisaidie mambo matatu. Futi 23 na farasi 115 vinatosha kwa kazi hiyo? Faiba iliyotumika inakaguliwa vipi, na nianzie wapi? Na je, kubadilishana kwa nyongeza kuna faida, au niuze yangu kwanza ndipo ninunue?

Fundi mmoja ameniambia nisibadilishe, bali niitoe injini ya ndani na kupachika mashine nyuma ya hii hii niliyo nayo. Hilo nalo naomba mlitazame.

Nahodha Kunduchi

Mkuu, anza na uzito, futi zitafuata. Siku ya Latham utabeba hivi: watu wanne, kama kilo 320. Barafu kilo 100. Petroli lita 200, na kwa kuwa lita moja ina takriban kilo 0.74, hizo ni kilo 148. Samaki, siku ikiwa njema, kilo 150. Nanga na amari yake, mishipi, maji ya kunywa, jaketi okozi na betri mbili, weka kilo 80. Unakaribia kilo 800 na mashine bado hujaihesabu. Sasa kasome kibandiko cha uwezo kilicho karibu na usukani wa boti yako, uone kinaruhusu kilo ngapi. Boti ile imechorwa kwa watu waliokaa kwenye viti vyao. Uvuvi ni watu watatu kusimama upande mmoja kwa mpigo kwa sababu samaki ameonekana kulia.

Tatizo kubwa zaidi ni omo. Viti vile vya mbele ni beseni. Wimbi moja likiingia na kuacha lita 200, umepata kilo 200 mahali pabaya kuliko pote, chombo kinainamisha pua na wimbi la pili linaingia kwa urahisi kuliko la kwanza. Maji yale hayatoki nje, yanateremka kwenye ngama (tumbo la chini la chombo) na kwenda kukusanyika chini ya injini, na stata ya V6 ile imefungwa chini ubavuni mwa bloku. Ikilowa, huwashi tena. Hapo pampu ya maji inakula betri isiyochajiwa. Kwa hiyo hata usipobadilisha, tafadhali usiende Latham na boti hiyo.

Futi 23 yenye sitaha inayomwaga maji nje yenyewe ni chombo cha kazi hiyo, kwa sharti kwamba sitaha ile iko juu ya maji kweli. Kuna kipimo cha dakika tano. Boti ikiwa majini, jaza tangi, simamisha watu wanne tezini karibu na mashine, fungua matundu ya kutolea maji, kisha angalia miguu yao. Maji yakirudi ndani kupitia matundu na kufunika nyayo, sitaha iko chini mno, na hakuna ufundi utakaoipandisha. Wengine huziba matundu kwa vitambaa ili mnunuzi asione. Ukikuta kitambaa kwenye tundu, umeshapata jibu.

Petroli. Kutoka Msasani hadi Latham ni kama maili 40 za baharini, kwenda na kurudi 80. F115 kwenye faiba ya ukubwa huo, mwendo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), itakula karibu lita 25 kwa saa, na safari yote ni saa 4, hivyo lita 100. Kurambaza kwa noti 6 hadi 8 kwa saa 4 ongeza lita 28 hivi. Jumla 128. Theluthi ya mafuta yote unayobeba isiguswe, hivyo zidisha kwa moja na nusu: lita 192. Tangi la lita 200 ndilo la kwako. Likiwa la 120, usijidanganye na madumu, kwa sababu dumu la lita 20 halimiminwi salama katikati ya mawimbi, na petroli iliyomwagika kwenye sitaha ni hatari ya pili juu ya ile ya kuishiwa.

Kumbuka pia upepo. Kusi linakupiga kulia mbele unapokwenda na kushoto nyuma unaporudi, na mwezi wa Juni mpaka Agosti noti 20 hiyo huipati, utaenda noti 10 au 12 huku mashine ikila karibu mafuta yaleyale kwa saa. Hesabu ya juu ni ya kaskazi tulivu au matlai. Wakati wa kusi baki ndani, mshipi wa chini una samaki wake.

Mashine moja maili 40 nje inahitaji ndogo ya akiba, farasi 9.9 au 15, mguu mrefu, na tangi lake peke yake. Mbili zinazonyonya tangi moja lililoingia maji huzima zote mbili. Iwashe kila safari kwa dakika kumi. Redio ya VHF ya kufungwa, siyo ya mkononi tu, na chaneli 16 iwe wazi muda wote. Simu usiitegemee huko.

Fundi Faiba

Nimesoma ya nahodha, sina la kupunguza. Mimi nitasema chombo chenyewe, na naomba ufuate mpangilio huu: kagua juu ya trela, boti kavu, mchana, kabla hamjazungumza bei. Ukishataja bei macho yanaanza kusamehe.

Anza na ukuta wa tezi, ule unaobeba mashine. Faiba nyingi zina plaiwudi katikati ya ukuta huo, na maji huingia kupitia matundu ya bolti za mashine, tundu la kuziba na kufungua la ngama, na skrubu za vyombo vidogo kama kipimakina. Plaiwudi ikioza, nje hakuna kinachoonekana, rangi inang'aa vilevile. Fanya hivi: shusha mashine ikae wima, shika chini kabisa kwenye pezi lililo chini ya propela, upandishe na kuushusha mguu kwa nguvu mara tano, sita. Mwenzako aweke kidole mahali bano la mashine linapogusa ukuta, na jicho kwenye bolti za juu. Ukuta ulio na uzima hausogei. Ukiona bano linazama kidogo kwenye faiba, au ufa mwembamba kama unywele unafunguka na kufunga pembezoni mwa kisima cha mashine, ukuta umechoka. Mashine ile ina kilo 170 na ushei, na kila wimbi unaloruka linaining'iniza pale.

Kisha chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi kubwa, ugonge ukuta mzima kwa mistari, kila sentimita tano. Penye uzima sauti ni kali na fupi. Palipooza inakuwa nzito na butu, kama kugonga papai bivu. Zungushia alama ya chaki kila unaposikia butu, usitegemee kumbukumbu. Mwisho omba ruhusa ya kufungua skrubu moja ya chini, ndani ya boti, kisha ingiza msumari: ukitoka na unga mweusi wenye harufu ya udongo, au maji yakichuruzika, basi tena.

Ukitoka hapo panda sitahani. Tembea kwa visigino, taratibu. Panaponesa pana mbao za urefu zilizooza chini yake, au faiba ya sitaha imebanduka kutoka kwenye mbao. Fungua kila kifuniko cha ukaguzi. Povu lililojazwa chini ya sitaha likilowa halikauki, na boti inakuwa na mamia ya kilo zisizoonekana. Kama kuna mzani wa magari njiani, pima boti na trela, toa uzito wa trela, linganisha na uzito wa mtengenezaji.

Tangi la alumini lililozikwa chini ya sitaha ni jambo ambalo watu wanalisahau kabisa. Povu lililolowa likilala juu ya alumini, chumvi inalitoboa kutoka nje kwenda ndani, vitundu vidogo vidogo. Nusa ngama asubuhi kabla boti haijafunguliwa hewa. Harufu ya petroli ni sababu tosha ya kusimamisha ukaguzi. Vuta sampuli kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache dakika kumi: maji yatakaa chini, mstari utauona.

Nje ya chombo: angalia mkuku (uti wa chini wa chombo) tangu omo mpaka tezi, hasa pale unapoburuzwa mchangani. Malengelenge madogo kwenye ngozi ya nje hurekebishika. Mipasuko inayotoka kwenye kona kama miale ya jua ni dalili ya faiba nyembamba inayocheza. Kama chombo kimetengenezwa hapa nyumbani, muulize mwenyewe kama alihifadhi kile kipande cha duara kilichotoka tundu la ngama lilipokatwa. Waundaji wazuri humpa mteja. Kipande hicho kinakuonyesha unene na matabaka: nyuzi zilizofumwa zikipishana na mkeka, au mkeka mtupu ulionyweshwa resini nyingi, ambao ni mzito na unavunjika.

Kuhusu kukata boti yako na kupachika mashine nje: usifanye. Tundu la ule mguu kwenye tezi ni kubwa, litabidi lizibwe kwa matabaka ya plaiwudi na faiba, ukuta mzima uimarishwe mpaka kwenye mbao za sakafuni, na uzito uliokuwa ndani kabisa sasa unahamia nyuma na juu. Utalipa kazi ya wiki kadhaa, ununue mashine, na mwisho wa yote bado una beseni omo na sitaha isiyomwaga maji nje yenyewe. Pesa hiyo iende kwenye nyongeza ya faiba.

Plagi Safi

Mimi niseme mashine.

F115 ni chaguo zuri kwa kurambaza, kwa sababu mashine za mipigo minne hunywa kidogo sana mwendo wa polepole na hazichafui plagi. Za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili kama Enduro 40, zina sifa yake: kila fundi kuanzia Tanga mpaka Mtwara anaijua, spea zipo, inafunguliwa kwa spana chache. Lakini saa nne za kurambaza na oili ya 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, zinajaza plagi masizi na moshi unabaki na nyinyi. Kwa safari ya nahodha hapo juu, chukua mipigo minne.

Siku ya ukaguzi mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye bloku: ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mashine nyingi zenye shida ya kuwaka huwaka vizuri zikiwa moto.

Ikiwa baridi bado, legeza skrubu ya chini ya gia, acha matone machache yaingie kwenye kikopo. Oili ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia kupitia sili ya shafti ya propela au ya shafti ya gia. Sili zenyewe ni rahisi, beringi zilizokwisha kula maji si rahisi. Unga mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya skrubu ni kawaida, vipande si kawaida. Mara nyingi ukitoa propela unakuta mshipi wa nailoni umejizungusha nyuma yake, na huo ndio uliokata sili. Kwa mvuvi hilo ni jambo la kukagua kila mwezi.

Kisha kompreshoni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Toa plagi zote nne, ondoa kamba ya kuzimia ili zisitoe cheche, fungua mafuta mpaka mwisho, funga geji kwenye tundu la plagi, zungusha kwa stata hadi sindano yake iache kupanda. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti: silinda zote ziwe ndani ya asilimia 10. Moja ikiwa chini, weka kijiko kidogo cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu haifungi. Betri iwe na chaji kamili, la sivyo zote zitaonekana dhaifu.

Timing belti ya F115 hubadilishwa kila saa 1,000 au miaka 5, linalotangulia. Uliza risiti. Hakuna risiti, ihesabu kwenye bei. Mashine hizi za kompyuta zinahifadhi saa zake, na fundi mwenye programu ya Yamaha anaweza kukutolea karatasi inayoonyesha saa kwa kila ngazi ya mizunguko. Saa 900 za mwendo wa wastani ni bora kuliko 400 za kukanyagwa mpaka mwisho.

Majini, nendeni na mzigo kamili, siyo wewe na yeye tu. Kanyaga mpaka mwisho: F115 inatakiwa ifike kati ya RPM (mizunguko kwa dakika) 5,300 na 6,300. Ikikwama 4,900 propela ni nzito kwa chombo hicho, au chini kumeota chaza, au mashine imechoka. Kupunguza pichi (umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja) inchi moja kunapandisha RPM kama 150 mpaka 200. Ikae hapo dakika tatu. King'ora cha joto kikilia kwenye mwendo mkubwa tu na kunyamaza ukipunguza, njia za maji zimeganda chumvi au impela (gurudumu la pampu ya maji) imekatika mapezi. Mkojo wa mashine, yaani maji ya kupoza yanayochuruzika nje, uwe na nguvu, lakini usiuamini peke yake. Unaweza kutoka vizuri huku termostati imeganda.

Na usisahau urefu wa mguu. Ukuta wa inchi 25 unataka mguu wa X, wa inchi 20 unataka L. Nimetaja kwa sababu hubadilishwa mashine na watu wasiopima, na matokeo ni propela kunyonya hewa kila wimbi.

Mama Felusi

Kaka Pweza, swali lako la tatu halijajibiwa, na ndilo linaloumiza watu.

Kubadilishana kwa nyongeza kunaficha bei mbili ndani ya namba moja. Mfano tu: akisema yake ni milioni 60 na yako anaichukua kwa milioni 25, unalipa 35 na unafurahi kwamba yako imepata bei. Lakini kama yake inauzwa 48 kwa mtu mwenye taslimu, basi yako ameichukua kwa 13. Mwambie akutajie bei ya taslimu kwanza, iandikwe, ndipo useme una boti. Akikataa kutaja, umejua.

Yako nayo iwe na bei ya kweli. Mnunuzi anayejua ataangalia manifoldi za eksozi (njia za chuma za kutolea moshi) za ile V6. Kama inapozwa na maji ya chumvi moja kwa moja, manifoldi na viungo vyake vya juu huhesabiwa kama miaka mitano tu, vikitoboka maji yanaingia kwenye silinda. Ataangalia mipira ya mikunjo kwenye mguu, ambayo ikipasuka boti inazama ikiwa imefungwa gatini. Badilisha mipira na impela sasa, weka risiti, bei yako itasimama. Manifoldi usibadilishe, mweleze mnunuzi umri wake na upunguze kidogo.

Wateja wa boti kama hiyo si wavuvi. Ni hoteli, wenye michezo ya majini, na watu wa ziwani. Mwanza inafaa kuliko Dar: maji baridi hayali manifoldi vile. Ukimuuzia mtu wa huko, mwambie mambo mawili kwa uaminifu. Zinki za maji ya chumvi (vipande vinavyoliwa badala ya mguu) zibadilishwe ziwe za magnesiamu, na kwa kuwa Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, injini itapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu, hivyo propela ishuke pichi inchi moja au mbili. Mteja anayeambiwa hivi haombi punguzo, anaona anashughulika na mtu.

Rai yangu: uza kwanza kama hujabanwa na muda. Ukibadilishana, ziwe hati mbili za mauziano, moja kwa kila chombo, zote mbele ya wakili, siku moja, na nyongeza ilipwe baada ya majaribio ya majini, kwa benki.

Kwenye hati ziandikwe namba ya bodi iliyochongwa nyuma kulia ya tezi na namba ya mashine iliyo kwenye kibao cha bano. Zisome wewe mwenyewe kwenye chombo, usinakili kutoka karatasi ya muuzaji. Kibao kilichong'olewa ni sababu ya kuondoka. Omba nyaraka za ushuru za chombo na za mashine. Kuna boti zilizoingia nchini kwa muda tu, na zikiuzwa ushuru wake unadaiwa. Usimwachie mwenzako deni hilo, wala usilipokee.

Cheti cha usalama cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kina tarehe ya mwisho, na mkaguzi aelezwe kwamba matumizi sasa ni uvuvi. Leseni ya uvuvi na ya chombo anza na ofisa uvuvi wa halmashauri yako. Kwa upande wa Zanzibar vyombo husimamiwa na ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar) na leseni za uvuvi zina mamlaka yake, kwa hiyo kabla ya kwenda Fungu Kizimkazi uliza pande zote mbili. Na tafadhali, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Kwenda kuogelea ni sawa ukilipa kiingilio, kushusha mshipi hapana. Samaki unaowafuata nje wengine wanalelewa pale.

Pweza wa Msasani

Asanteni sana wote, nimejifunza mengi kwa jioni moja.

Nimeenda leo na nyundo. Sitaha ngumu, ngama haina harufu, tangi ni lita 200, oili ya gia safi, kompreshoni silinda nne ziko karibu sawa. Maji hayakurudi tukiwa wanne tezini. Tatizo ni ukuta: nilipoupandisha mguu, bano la kulia linazama kama milimita moja, na chaki imezunguka eneo la upana wa kiganja kuzunguka bolti mbili za kulia. Kwingine sauti kali. Mwenyewe anasema atapaka faiba juu pale, tumalizane. Niondoke, au kuna njia?

Fundi Faiba

Kupaka juu hapana. Kunafungia maji ndani na kuharakisha kuoza. Lakini chombo chenye hayo mengine yote mazuri usikiache kwa ukuta, kiingize kwenye bei.

Usikubali kiraka cha kiganja pia. Kilichooza ulichokisikia ni kile kilichofika mwisho, unyevu umekwenda mbali zaidi. Kazi kamili ni hii. Mashine ishuke. Ngozi ya ndani ya ukuta ikatwe, ile ya nje ibaki kama kalibu. Plaiwudi yote itolewe mpaka faiba kavu, isuguliwe kwa msasa wa 40. Ziingie plaiwudi mbili za baharini za milimita 18, zilizochovywa epoksi kingo zote, zikigandishwa na kubanwa pamoja ili zisiwe na hewa katikati. Juu yake matabaka manne ya nyuzi zilizofumwa, yakipanda sentimita 15 kwenye mbavu na kwenye mbao za sakafuni. Ukuta uwe milimita 45 mpaka 50. Epoksi, siyo polista: polista haishiki vizuri kwenye mbao wala kwenye faiba ya zamani. Na isifanyike siku ya mvua wala kwenye boti iliyolowa. Ikauke kivulini wiki nzima kwanza, feni ikipuliza.

Sehemu inayoamua kama ukuta utadumu ni matundu ya bolti. Bolti za F115 ni nne, za milimita 12. Toboa kwa milimita 18, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa silika, iache igande, kisha toboa tena 12 katikati yake. Bolti sasa inapita kwenye plastiki ngumu, haigusi mbao popote, na hata silanti ikichoka maji hayana pa kuingilia. Ndani weka bamba la chuma cha pua au alumini nene chini ya nati, siyo washa peke yake.

Plagi Safi

Na mashine ikiwa chini, badilisheni impela na termostati, kazi hiyo ni rahisi pale kuliko ikiwa imepachikwa. Wakati wa kuirudisha pimeni kimo: bamba la juu ya propela liwe usawa wa chini ya mkuku au sentimita mbili, tatu juu yake. Kaza bolti, nenda majini saa moja, rudi, kaza tena.

Mama Felusi

Gharama hiyo iandikwe na fundi kwenye karatasi yenye jina lake, mpe mwenye faiba. Ikatwe kwenye bei ya taslimu ya chombo chake kabla hamjaigusa thamani ya boti yako. Akisema atatengeneza mwenyewe, weka sharti kwenye hati: uje kuuona ukuta ukiwa wazi, plaiwudi mpya ndani, kabla matabaka ya juu hayajawekwa.